Karatasi Katika Pindo la Kitenge

Wamama wapenzi wa Salamabila na wa pande zote za Kabambare na Kasongo, juma hili najibu swali la mama mmoja wa kikundi cha likelemba. Binti yake anasoma Japani. Ameolewa hukohuko na kijana wa kwetu, na sasa ana mimba ya miezi sita. Amemwita mama yake: mama, njoo unipokelee mtoto. Tiketi watalipa wenyewe, viza inashughulikiwa Kinshasa. Mama haogopi baridi wala ndege. Kinachomnyima usingizi ni kitu kimoja, naye amenieleza hivi: "Mimi najua Kibangubangu, Kiswahili, Kilingala cha sokoni na Kifaransa cha kusalimia. Kule nitasema kwa mdomo wa nani?"

Swali hilo si lake peke yake. Wako wenzetu wanaokwenda Guangzhou na Dubai kutafuta bidhaa. Wako wanaopeleka mtoto India kwa upasuaji. Wako wenye ndugu waliotoka kambi ya Nyarugusu, kule Kigoma, wakapelekwa Marekani, na sasa wanaitwa kuwatembelea. Nimechagua kufuata safari ya Japani kwa sababu kule lugha zetu zote nne zinakwisha kabisa, na hata maandishi ya ukutani hayasomeki. Mama anayeweza kufika Tokyo na kurudi, Dubai haitamshinda.

Kwanza tuache kujidharau. Nasikia watu wakisema mama wa kwetu akifika ulaya atakuwa kama bubu. Ni nani kati yetu aliyekua na lugha moja? Nyumbani Kibangubangu au Kizimba, sokoni unakutana na Kilega na Kikusu, askari anakusemesha Kilingala, mwalimu anakuandikia mtoto Kifaransa. Dhahabu ya Namoya imetuletea wageni wa kila rangi, na mama muuza nyanya amefanya nao biashara bila mkalimani: kidole, tabasamu, na bei iliyoandikwa kwenye simu.

Hata Kiswahili hiki hakikuota hapa. Kilikuja na misafara ya watu wa pwani katika karne ya 19, watu wa Tippu Tip, aliyefanya Kasongo kuwa mji wake, wakitafuta pembe za ndovu na kukamata watu. Kilikuja na machozi, na wazee wetu wakakigeuza kuwa chao. Livingstone alipofika Nyangwe, kando ya Lualaba, mwaka 1871, alikuta soko kubwa ambalo wauzaji wake wengi walikuwa wanawake. Walivuka mto kwa mitumbwi, wakiwa na samaki, vyungu na kuku. Walitoka pande zote mbili za mto, na waliuziana. Kazi ya kuelewana na mgeni tumeirithi. Tofauti ni kwamba kule mgeni utakuwa wewe.

Sasa nije kwenye hatari. Watu wengi wanadhani hatari ni kukosa maneno. Mimi naona hatari kubwa iko kwenye neno ambalo tunalijua sana: ndiyo. Kwetu daktari akisema, au askari, au mwalimu, mama anaitikia kwa kichwa. Ndiyo, ndiyo. Hapo hajakubali kitu, ameonyesha heshima tu. Wajapani nao wana neno lao la kuitikia, "hai". Kwenye vitabu linaandikwa kuwa ni "ndiyo", lakini mtu akiwa anazungumza wao hulirudia mara nyingi kumwonyesha kwamba wanamsikia, basi. Sasa wakutanishe hao wawili. Muuguzi anaeleza, mama wa Salamabila anatikisa kichwa. Mama anajibu kwa Kiswahili, muuguzi anasema hai, hai. Wote wana adabu, wote wanaondoka wameridhika, na hakuna aliyejua mwenzake amesema nini. Kwa namna hiyo mtu anaweza kutia sahihi karatasi ya upasuaji. Anaweza kukubali kwamba amekwisha kumeza dawa ambayo hajaiona.

Kwa hiyo neno la kwanza la Kijapani ninalomwomba mama huyu ajifunze si asante. Asante itasikika hata machoni. Ajifunze "wakarimasen": sielewi. Litamke kama lilivyoandikwa, silabi kwa silabi, wa-ka-ri-ma-se-n. Liseme bila haya, na usitikise kichwa unapolisema. Mtu akieleza tena na bado hujaelewa, lirudie. Muuguzi mwenye kazi nyingi anaweza kukunja uso. Mwache akunje. Uso uliokunjwa unapita, dawa iliyotolewa vibaya haipiti.

Kutoka hapo ndipo inakuja karatasi. Mama zetu walifunga pesa kwenye pindo la kitenge ili zisiibwe wala zisisahauliwe. Safari hii funga karatasi. Binti aiandike huko aliko, kwa Kijapani na kwa Kifaransa, aipige picha na kuituma kwa simu. Ichapishwe Kasongo kwenye nyumba ya fotokopi, herufi kubwa, kisha itiwe ndani ya plastiki. Chapisha tatu: moja mwilini, moja kwenye mkoba wa mkononi, moja ndani ya sanduku. Usitegemee picha iliyo ndani ya simu peke yake, maana simu huzimika saa ileile unapoihitaji.

Nimesikia mama akisema, mimi sikusoma, karatasi itanisaidia nini? Sikiliza vizuri, mama: karatasi hii hutaisoma wewe. Wewe utaionyesha, na mwenye nchi ataisoma. Ndiyo maana inamfaa hata ambaye hajawahi kushika kalamu. Kinachotakiwa ni kuijua kwa sura, ujue upande upi unasema nini. Wengine huchora alama juu ya kila sehemu: nyumba, msalaba wa hospitali, ndege.

Iandikwe nini? Jina lako kama lilivyo kwenye pasipoti. Kwamba husemi Kijapani wala Kiingereza, unasema Kiswahili na Kifaransa kidogo. Jina la binti na namba yake ya simu, ianze na +81 ambayo ni ya Japani, na namba ya mtu wa pili kama binti hapatikani. Usisahau huyo wa pili, kwa sababu siku ya uchungu binti hatapokea simu. Anwani ya nyumba kwa herufi za Kijapani, maana dereva wa teksi hatakusaidia na jina ulilokariri kwa masikio. Halafu mambo ya mwili wako: kama una tansio, kama una sukari, kama kuna dawa inayokudhuru, na dawa unazomeza kila siku kwa jina lililoandikwa kwenye boksi. Usiandike "kidonge cheupe cha asubuhi".

Dawa zenyewe ziache ndani ya boksi zake. Japani wana sheria kali za dawa zinazoingia nchini. Dawa ulizoandikiwa na daktari, za kukutosha mwezi mmoja, kwa kawaida hupita, lakini kuna aina zilizokatazwa kabisa, kwa hiyo binti aulize mapema. Unga wa mizizi uliofungwa kwenye kipande cha gazeti hauna mdomo wa kujieleza pale uwanjani, na wewe pia hutakuwa nao. Vilevile nyama iliyokaushwa. Najua mama haendi kwa mwanae mikono mitupu, lakini nyama hairuhusiwi kuingia Japani, na mtu wa forodha, yaani wa duane, anakuuliza kama unayo. Ukiitikia ndiyo kwa heshima au hapana kwa woga, yote mawili yanaweza kukuletea shida. Mletee kitenge cha kumbebea mtoto. Kitenge hakiulizwi.

Tuje njiani. Safari ya Kindu hadi Kinshasa bado uko kwetu. Ugumu unaanza ukishavuka. Wengi hupitia Addis Ababa, na ndege ya Ethiopia inayokwenda Tokyo imezoea kutua kwanza Seoul, nchi ya Korea. Hapo ndipo mama mgeni anaweza kupotea, kwa sababu amekaa angani usiku kucha, ndege imetua, watu wanasimama na kuchukua mizigo, sura za watu ni zile alizotazamia. Usidhani umefika. Kabla ya kuinuka onyesha tiketi yako kwa mfanyakazi wa ndege na uweke kidole juu ya neno Narita, ambalo ni jina la uwanja wa Tokyo. Atakuonyesha kwa mkono kama unakaa au unashuka na kurudi. Matangazo ya kwenye spika usihangaike nayo. Fuata namba: ndege za Ethiopia zinaanza na herufi ET, kisha tarakimu, kisha namba ya mlango. Herufi mbili na tarakimu tatu zinafanana na namba ya pikipiki, na hakuna mama wa Salamabila asiyejua kutambua pikipiki ya mtu kwa namba yake.

Jambo moja dogo lenye uzito: saa. Sisi tunasema saa mbili ya asubuhi, tiketi inasema 08:00. Ukiuliza saa kwa vidole, mtu akakuonyesha vinane, yeye hafikirii saa nane yako ya mchana. Mambo ya saa yaandikwe kwa tarakimu, kama tiketi inavyoandika. Na Japani wako mbele ya saa zetu za Maniema kwa saa 7. Ukipiga simu nyumbani asubuhi ya kule, huku watu wamelala.

Kuna msaada ambao wamama wengi hawaujui. Wakati wa kununua tiketi, binti anaweza kuomba kwamba mama yake apokelewe na kuongozwa uwanjani. Mtu anakungoja, anakupeleka mlango hadi mlango, mara nyingi kwa kiti cha magurudumu. Najua wengine wataona haya: mimi na miguu yangu mizima, nisukumwe kama mgonjwa? Kaa, mama. Miguu haiumwi, lakini Addis Ababa ni uwanja mkubwa, na yule anayesukuma kiti anajua njia.

Ukifika Narita, watu wa uhamiaji, kama DGM yetu, watakuelekeza uweke vidole viwili juu ya mashine na utazame kamera. Nataja hili kwa sababu kwetu mtu akichukuliwa alama za vidole moyo unaruka, anajiuliza ameshitakiwa nini. Wanafanya hivyo kwa karibu wageni wote wenye miaka 16 na zaidi tangu mwaka 2007. Weka vidole, onyesha karatasi, endelea. Fomu zinazotakiwa, binti anaweza kuzijaza mapema kwa intaneti. Pasipoti unampa mtu aliye nyuma ya dirisha la kazi, na unaiangalia mpaka irudi mkononi. Mtu anayekujia kwenye ukumbi na kukusemesha kwa upole, hata kwa Kifaransa kizuri, hata kwa Kiswahili, hapewi pasipoti.

Nikae kidogo kwenye jambo hilo, maana linawahusu zaidi dada zetu wa biashara kuliko mama anayekwenda kwa mwanae. Anayesema badala yako ndiye anayeshika mfuko wako. Kule Guangzhou, mtaa wa Xiaobei umezoea wafanyabiashara wa Afrika, na wako watu wanaokungoja wakuongoze dukani na kukutafsiria. Wengine ni waaminifu na wanastahili malipo yao. Wengine wanakula pande mbili: kwako na kwa mwenye duka, na bei inapanda katikati ya lugha mbili ambazo wewe hujui hata moja. Dawa yake ni mashine ya hesabu. Wachina wa sokoni wenyewe huiweka mbele yako na kuandika bei. Ichukue, andika ya kwako, irudishe. Mkalimani aeleze rangi na kipimo, bei mjadiliane ninyi wawili macho kwa macho. Lakini kwa vidole kuwa mwangalifu. Mchina huonyesha namba mpaka kumi kwa mkono mmoja. Kidole gumba na kidole cha mwisho vikiwa vimenyooshwa, ni sita. Gumba na cha shahada, ni nane. Kwetu ungesema mbili na mbili. Kwenye katoni za viatu hiyo si tofauti ndogo.

Anayekwenda Oman ana bahati yake: Muscat kuna watu wengi ambao wazee wao waliishi Zanzibar, nao bado wanasema Kiswahili. Hilo ni jema. Lakini lugha moja si undugu, na karatasi ya kazi iliyoandikwa kwa Kiarabu isomwe na mtu ambaye halipwi na yule anayekupeleka. Isomwe kabla ya ndege.

Turudi kwa mama na binti yake. Wakati wa kawaida binti ndiye mkalimani, na ni mkalimani mzuri kuliko wote. Ila mwenye uchungu hatafsiri. Wala mume wake, akiwa anatetemeka pembeni, hatafsiri vizuri. Kwa hiyo mambo ya hospitali yazungumzwe mwezi mmoja kabla, kwa utulivu, jikoni. Muulize binti: hospitali yako inaruhusu nani aingie chumba cha kuzalia? Hospitali hazifanani. Kama haikuruhusu wewe, ujue mapema, usije ukasukumwa mlangoni usiku na kudhani unadharauliwa. Kule mama aliyejifungua salama hukaa hospitali karibu siku tano, muda mrefu kuliko kwetu, hivyo usiogope ukiona haruhusiwi kurudi nyumbani kesho yake. Binti akionyeshwa bado amelala pale siku ya nne, si kwamba kuna ugonjwa unaofichwa.

Na zungumzeni mambo ya mtoto: maji ya moto, kufunga tumbo kwa kitenge, uji, dawa za kienyeji. Sitaingia leo katika nini ni kizuri na nini kibaya, isipokuwa ninarudia lile la CPS yetu, kwamba miezi 6 ya kwanza ni maziwa ya mama tu. Ninachosema ni kwamba ubishi wa bibi na muuguzi ni mgumu hata hapa Salamabila ambapo wote wanasema lugha moja. Bila lugha unageuka kuwa kunyang'anyana mtoto. Mambo hayo binti ayaamue, naye ndiye atakayemwambia muuguzi.

Japani kuna kitabu kidogo ambacho kila mwenye mimba hupewa, cha mama na mtoto pamoja, kilichoanza mwaka 1948. Ni kama kadi zetu za CPN na CPS zilizounganishwa. Kimetolewa pia katika lugha za wageni. Mwambie binti akuonyeshe, na wewe chukua kadi zako mwenyewe za zamani, kama bado unazo. Na hapa nawaambia wote wanaosafiri na mtoto, hasa anayempeleka mtoto India kwa matibabu: kadi ya CPS ni lugha. Tarehe ni tarakimu, uzito ni tarakimu, na BCG inaandikwa BCG popote duniani. Daktari ambaye hajui neno moja la Kiswahili ataishika kadi hiyo na kumjua mtoto wako. Beba pia kadi ya manjano ya chanjo, bila hiyo India hawatakuacha upite hivihivi ukitoka kwetu. Hospitali kubwa za kule zinazopokea wageni huwa na ofisi ya kuwahudumia na wakalimani. Omba mkalimani wa Kifaransa au Kiswahili kwa maandishi kabla ya kuondoka, jibu lao lichapishwe na liwe kwenye mkoba.

Kuhusu watoto kuwatafsiria wakubwa, nina neno. Wenzetu walioko Marekani wamezoea kumchukua mtoto wa masomo amtafsirie mama kwa daktari, maana mtoto hushika lugha haraka. Mtoto wa miaka 11 amwambie mama yake kwamba ana uvimbe kwenye kizazi? Atanyamaza, au atapunguza. Hospitali za kule zinazopokea pesa ya serikali zinatakiwa kukupa mkalimani bila malipo, na mtoto hatakiwi kutumiwa isipokuwa kwa jambo la dharura. Sema "Swahili" na ungoje. Mara nyingi atapatikana kwa simu. Inaweza kutokea ni Mtanzania au Mkenya, hapo nawe umsaidie. Ukimwambia "juu ya nini?" ukitaka kujua sababu, yeye anaweza kufikiria kitu kilicho juu ya kingine. Ukisema umekamata dawa, kwake kukamata ni kazi ya polisi. Sema "kwa nini", sema "nimekunywa dawa". Ukiona mmekwama, mwambie hivyo. Mkalimani pia anaweza kuambiwa wakarimasen.

Simu zinazotafsiri, vijana watawasifia sana, na kweli zinasaidia. Programu ya Google ya kutafsiri inakijua Kiswahili na Kijapani. Ukielekeza kamera kwenye pakiti dukani utajua kama ni chumvi au sukari. Ishushe lugha hiyo ndani ya simu ukiwa bado na intaneti ya kutosha, Kindu au Kinshasa, ili ifanye kazi hata bila mtandao. Lakini inakijua Kiswahili cha vitabuni, na cha kwetu kinaichanganya. Sema sentensi fupi, jambo moja moja. Kisha ichukue ile tafsiri na uigeuze irudi Kiswahili. Kama ulisema "mtoto ana moto mwilini" na ikarudi kwamba mtoto anaungua, sema "mtoto ana homa". Kwa bei ya samaki inatosha. Kwa kutia sahihi karatasi ya hospitali haitoshi.

Mengine yatajifunza yenyewe. Viatu vinavuliwa mlangoni. Choo chao kina vitufe vingi, na siku ya kwanza kabisa binti akuonyeshe kipi kinamwaga maji, kwa sababu hospitalini kipo pia kinachoita wauguzi, nao huja mbio. Ukipanda treni ya chini ya ardhi Tokyo, kila kituo kina herufi na tarakimu: Ginza, kwa mfano, kwenye njia ya herufi G, ni G09. Ukijua kuhesabu hutapotea: G07, G08, G09, shuka. Ukipotea juu ya ardhi, tafuta kibanda kidogo cha polisi, wanakiita "koban". Kazi yao kubwa ni kuelekeza watu njia. Wape karatasi. Namba ya gari la wagonjwa ni 119, ya polisi ni 110. Ziandikwe ukutani karibu na jiko.

Na sasa habari njema niliyoiweka mwisho kwa makusudi. Mdomo wetu unakiweza Kijapani kuliko mdomo wa Mzungu. Irabu zao ni tano kama zetu, a, e, i, o, u, na maneno yao mengi yanaishia na irabu kama yetu. Mzungu anavunja ulimi, mama wa Kabambare anasoma kama anasoma Kiswahili. Maji ni "mizu". Samaki ni "sakana". Kuomba kitu unasema jina lake na "kudasai": mizu kudasai, nipe maji tafadhali. Bei gani, "ikura desu ka". Inauma, "itai", neno la kujua kwa ajili yako na la kulitambua ukimsikia mgonjwa wa kitanda cha pili. Nisaidieni, "tasukete". Na "sumimasen", neno la ajabu: samahani, hodi, na asante kwa usumbufu, vyote ndani yake. Ukigonga mtu, sumimasen. Ukitaka muuguzi ageuke, sumimasen. Maneno saba au nane, mawili kila siku wakati wa kutwanga, mpaka ndege iondoke yatakuwa yamekaa.

Wala usifikirie watashangaa kumwona bibi aliyevuka dunia kwa ajili ya uzazi. Wajapani wana desturi yao, wanaiita "satogaeri": mwenye mimba anarudi kwa mama yake mzazi ajifungue karibu naye, akae huko majuma kadhaa. Safari hii mama ndiye atakayemfuata binti.

Mtoto mchanga wanamwita "akachan". Kuna neno jingine la kufundisha sikio kabla ya kuondoka, na hapa urefu wa irabu ni jambo la maana: "obasan" ni shangazi au mama yeyote wa makamo, "obaasan", yenye a ndefu, ni bibi. Watu wa nyumbani hulipunguza kwa upendo likawa "obaachan". Muuguzi akitokea mlangoni na kuita obaachan huku akikutazama, simama, mama. Ni wewe unayeitwa.